Futuri ya Bi Kazija

Hapo zamani, kabla hajazaliwa yeyote aliyeketi hapa, palikuwa na kijiji kikiitwa Mwandamo. Nasema mapema: mwishoni nitawauliza, na sitaki mtu aje kuniambia kwamba alipitiwa na usingizi. Aliyechoka aende akalale sasa hivi, hatutamsema.

Mwandamo ilikuwa kando ya hori, yaani mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, na hori lenyewe limezungukwa na mikoko pande zote. Watu wa huko hawakulima, maana ardhi yao ilikuwa chumvi tupu. Hawakuvua samaki wa kilindini, maana vyombo vya kufika huko hawakuwa navyo. Waliishi kwa kaa. Maji yakikupwa waliingia kokoni, ndani ya mikoko ile, kwa miguu, tope mpaka magotini, kila mtu na kingoe chake. Kingoe ni fimbo ndefu yenye ncha iliyopinda. Unaiingiza shimoni polepole, unamchokoza kaa, naye kwa hasira zake anaikamata kwa gando, ndipo unapomvuta. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yao, wanaume kwa wanawake.

Basi ikafika miaka kaa wakaadimika. Vingoe viliingia mashimoni vikatoka vitupu. Waliobahatika walirudi na vijikaa vya kutia huruma, na hivyo hivyo vikapikwa. Watu wakaona wakiendelea hivi watahama, na pa kuhamia hapakuwapo. Wakakutana dikoni, pale walipokuwa wakishushia matenga yao, wakatunga sheria.

Kwanza walisema: vingoe ni hivi vilivyopo, kisiongezwe hata kimoja. Akitoka mtu kokoni ndipo aingie mwingine. Hapo hapakuwa na ubishi mkubwa.

Kisha wakasema: kaa mchanga arudishwe shimoni, akue, azae. Hapo ndipo moto ulipowaka, maana kaa mchanga ni yupi? Huyu anasema, "Wangu huyu ni mkubwa." Yule anasema, "Mkubwa wapi huyu, si bado ananyonya?" Wakasema watumie futuri, yaani toka ncha ya kidole gumba mpaka ncha ya kidole cha shahada, vidole vikiwa vimenyooshwa. Kaa ambaye gamba lake halijai futuri, hajafika. Sawa, lakini futuri ya nani? Mhunzi ana vidole virefu, msuka mikeka ana vidole vifupi, na kila mmoja akautaka mkono unaomfaa yeye.

Mwisho macho yao yakamwangukia Bi Kazija.

Bi Kazija alikuwa mkunga. Hapakuwa na mtu wa umri wa kati pale Mwandamo ambaye hakupokewa na mkono ule alipotoka tumboni mwa mama yake. Wakasema, "Mkono huu umetupokea sote, maskini na mwenye nacho. Nani atausingizia kwamba unapendelea?" Hakuna aliyebisha. Tangu siku hiyo futuri ya Bi Kazija ikawa sheria ya hori.

Akawa anaketi dikoni maji yakianza kujaa, watu wakitoka kokoni. Kila tenga lilipita mbele yake. Anaweka kidole gumba ukingo huu wa gamba, ananyoosha cha shahada ukingo wa pili. "Amefika." Anapita. "Amefika." Anapita. "Hajafika." Hapo watu wote wanageuka kumtazama mwenye tenga. Kwa kazi hiyo alipewa gando moja katika kila tenga, na hicho ndicho kilichokuwa chakula chake kikubwa, kwa kuwa mume alikwisha kufa na mtoto hakujaliwa.

Pembeni yake alisimama Shomari, mtu mpole mwenye sauti ya chini. Yeye alipewa kazi ya kushika sheria. Aliyeleta kaa ambaye hajafika, Shomari alikichukua kingoe chake akakivunja gotini, na mtu huyo ametoka kokoni maisha yake yote. Ndiyo, maisha yote. Msinitazame hivyo, si mimi niliyeitunga.

Na palikuwa na Mwanamize, mwanamke mwepesi wa hesabu. Yeye alipewa kazi ya kukadiria. Kila bamvua, maji yanapokupwa sana na watu wote wako kokoni, alihesabu kaa waliopita dikoni, kisha akawaambia watu kama hori linapona au linaumwa.

Wakaenda hivyo. Miaka ikapita, kaa wakarudi. Wakarudi wazito, magando ya kujaza sahani. Mwanamize akisimama kusema, "Kaa wameongezeka," wanawake wanapiga vigelegele. Watu wakanenepa, jamani, wakaoa, wakajenga.

Sasa nimfikie Tambwe.

Tambwe alikuwa mdogo wake Shomari, tumbo moja, ziwa moja. Siku moja maji yalianza kujaa mapema, akatoka kokoni mbio, na katika tenga lake akawa na kaa ambaye alimkadiria kwa macho tu. Bi Kazija akaweka kidole gumba, akanyoosha cha shahada. Kidole kikauvuka ukingo wa gamba kwa upana wa ukucha.

"Hajafika."

"Mama, si ukucha tu huo?"

"Hajafika, mwanangu."

Tambwe akamtazama kaka yake. Shomari akamtazama Bi Kazija, akingoja labda ataongeza neno. Hakuongeza. Basi Shomari akakichukua kingoe cha mdogo wake akakivunja gotini, huku machozi yanamtoka mbele ya watu, na nafasi ile akapewa mtu mwingine aliyekuwa akiingoja siku nyingi.

Tambwe angefanya nini? Akaenda ng'ambo ya hori kuchoma chokaa, yeye na mkewe Nunu. Mnaijua kazi ya tanuu la chokaa? Moshi mchana kutwa, vumbi linaingia puani, machoni, kifuani. Mikono ya Tambwe ikapasuka viganja. Nunu akaanza kukohoa. Kikohozi kikawa hakiishi, akawa anakohoa mpaka anashika ukuta. Mganga akamwambia Tambwe waziwazi, "Mtoe mkeo kwenye moshi huu. Usipomtoa, utamzika." Na kumtoa kwenye moshi maana yake ni kupata riziki nyingine, na riziki nyingine kwa watu wale ni moja tu, nayo ni kaa.

Huku Mwandamo mambo yakaanza kugeuka, polepole, kiasi kwamba hakuna aliyeweza kusema yaligeuka lini. Mwanamize alikuwa bado anasimama na kusema, "Kaa wameongezeka," na watu wanapiga vigelegele. Lakini jikoni wanawake wakaanza kunung'unika. "Kaa gani hawa? Nachokonoa mpaka kidole kinauma, nyama yenyewe haijazi kijiko." Wengine wakawacheka, wakawaambia wamezoea kushiba. Baadaye hata ile hesabu ya Mwanamize ikaanguka, ikaanguka vibaya. Mashimo yakawa matupu kama zamani. Watu wakasema ni wageni wanaiba. Wakasema ni mizimu imekasirika. Wakamtambikia nani sijui, wakachinja kuku wa watu bure. Kila tenga lilipimwa, kila kaa aliambiwa amefika, sasa ugonjwa umetoka wapi?

Siku moja Tambwe akaja na punda kuleta chokaa ya kupaka ukuta wa msikiti. Akapita dikoni. Akaona matenga, akaona kaa waliomo, akasimama. Damu ikamchemka. Kaa wale walikuwa wadogo kuliko yule aliyemtoa yeye kokoni! Akajisemea moyoni, kumbe ni hivyo, kumbe wanapitishana wao kwa wao, mimi nikatolewa kafara. Maana gamba la kaa yule alikuwa nalo; siku ile katika vurugu hakuna aliyekumbuka kumrudisha shimoni. Alilitundika ukutani nyumbani kwake, likakaa pale miaka yote, na kila alipomsikia Nunu akikohoa alilitazama.

Akaenda akalichukua. Siku ya pili akarudi dikoni wakati wa kupima, akajipanga foleni pamoja na wengine, gamba kalifunika kwa kitambaa. Watu wakamshangaa, lakini hakuna aliyemzuia. Zamu yake ikafika.

"Shikamoo, Bi Kazija."

"Marahaba, mwanangu. U hali gani? Nunu hajambo?"

"Hajambo kidogo. Nipimie huyu."

Bi Kazija akapokea. Akasema, "Mbona mkavu?"

"We pima tu, mama."

Akaweka kidole gumba ukingo huu. Akanyoosha cha shahada kama alivyozoea, huku anasema na mtu mwingine pembeni. Kidole hakikuuvuka ukingo. Hata kuufikia hakikuufikia, gamba likabaki limezidi.

"Amefika," akasema. "Apite."

Tambwe akasema kwa sauti ya kusikika diko zima, "Huyu aliyefika leo ndiye yule ambaye hakufika. Huyu ndiye aliyenivunjia kingoe."

Bi Kazija akalitazama gamba, akautazama mkono wake. Akajaribu kunyoosha vidole. Vilikuwa vimepinda kwenye maungo, vimevimba, vile vidole vya mtu aliyekula chumvi nyingi. Akavilazimisha. Maumivu yakampata mpaka akauma mdomo, na bado havikunyooka. Hapo ndipo kila mtu alipoelewa. Hapakuwa na wizi wala mizimu. Mkono ulikuwa umezeeka, futuri imepungua kidogo kidogo mwaka baada ya mwaka, na kaa wachanga wamekuwa wakipita mbele ya sheria, wote wakiambiwa wamefika, kabla hawajazaa hata mara moja.

Na Tambwe, aliyekuja kuumbua wapendeleaji, akajikuta amemuumbua bibi kizee mbele ya kadamnasi, tena mkono uliompokea yeye. Aibu ikamshika. Lakini neno limekwisha kutoka, na Nunu yuko kwenye moshi.

Wakaketi palepale kuzungumza. Bi Kazija ndiye aliyeanza.

"Nilijua mkono unauma. Kila asubuhi naukanda kwa mafuta ya nazi, hausikii. Nikasema leo ni baridi, kesho utanyooka. Nikawa nanyoosha mpaka pale maumivu yanaponikamata, hapo nasimama. Nilihisi si pale pa zamani, nisiwadanganye. Lakini ningesema mkono umekwisha, nani angeniletea gando? Nimewazalisha mama zenu wote, mimi mwenyewe sina wa kunitilia maji ya kunywa. Mkinitoa, nitoeni. Ila msiniambie nilimpendelea mtu. Maumivu yaliponisimamisha, yalinisimamisha kwa kila mmoja wenu."

Shomari akasema, "Mimi niliona. Nimesimama naye bega kwa bega, ningeachaje kuona? Nilikiona kidole kinakunjika. Lakini nimwambieje mama aliyenipokea, tena hadharani, kwamba mama, mkono wako umepungua? Ulimi ulikuwa mzito. Na kuna jingine, nitalisema. Kwa mkono huu nilimvunjia mdogo wangu kingoe. Nikikubali kwamba mkono unaweza kukosea, basi nitaanza kujiuliza juu ya siku ile, na sitapata usingizi tena."

"Siku ile haukukosea, kaka," Tambwe akasema. "Kaa wangu hakufika. Nilikuwa na haraka, sikumpima."

Shomari akainamisha kichwa.

Mwanamize akasema, "Mimi mlinituma kuhesabu, hamkunituma kupima. Nilihesabu kwa haki. Waliopita wakiwa wengi, nilisema wengi. Walipokuwa wachache, nilisema wachache. Kosa langu liko wapi?"

Mwanamke mmoja kule nyuma akamwuliza, "Na tenga, Mwanamize? Tenga la zamani lilijaa kwa kaa wangapi, na la siku hizi linajaa kwa wangapi? Hilo nalo hukuliona?"

Mwanamize akayatazama matenga. "Nililiona," akasema. "Niliona linaingiza wengi kuliko zamani. Nikasema ni baraka. Mlikuwa mnapiga vigelegele, nikapenda kuwaletea habari njema. Kweli, nilipenda."

Bi Kazija akawatazama watu wote. "Na ninyi mliokuwa mnapanga foleni? Hakuna hata mmoja aliyeona kwamba siku hizi mama mpimaji amekuwa mwepesi? Mlipokuwa mkichekacheka mkirudi majumbani, mlikuwa mkicheka nini?" Watu walitazama miguu yao.

Jambo moja waliliafiki haraka. Kuanzia siku hiyo kaa hatapimwa kwa mkono wa mtu. Watachukua lile gamba la Tambwe, wachonge mti ulingane nalo na kuzidi kwa upana wa ukucha, na mti huo ndio utakaowekwa dikoni. Gamba likapelekwa kwa seremala.

Hapo Tambwe akasimama. Akasema, "Mmechukua gamba langu mkalifanya sheria. Vizuri. Sasa nisikilizeni. Mimi nilileta kaa mmoja ambaye hajafika, nikatoka. Hapa mmepitisha kaa wachanga miaka na miaka, mpaka hori limekuwa tupu, na hakuna aliyetoka. Sisemi sikukosa. Nasema nimelipa, na mke wangu analipa mpaka leo, yeye ambaye hata siku moja hakumgusa kaa mchanga. Nirudishieni nafasi yangu."

Watu wakasema, "Ana haki." Wengine wakasema, "Aongezewe kingoe, arudi." Lakini Mwanamize akakataa, na hapo alisema kweli. "Hori limekwisha. Vingoe vilivyopo tayari ni vingi. Mkiongeza kimoja kwa huruma, kesho mtaongeza cha pili, kisha turudi tulikotoka sote. Akitoka mmoja ndipo aingie mmoja. Sheria hiyo haikuzeeka."

Basi lazima atoke mmoja. Shomari akakilaza kingoe chake mchangani. Akasema, "Aliyeona akanyamaza ni mimi." Lakini Shomari ana nyumba iliyojaa watoto, na mkewe ana mimba.

Mwanamize akasitasita, akakilaza chake kando ya kile. Akasema, "Mimi ndiye niliyewaambia hori linapona wakati linakufa. Mngejua mapema, lingepona." Lakini akitoka Mwanamize, nani atakayekadiria? Wengine pale wakihesabu vidole vyao wanarudia mara mbili.

Bi Kazija naye akaletewa chake. Siku nyingi alikuwa hawezi kuingia kokoni, kingoe chake alimwazima jirani, naye akimletea nusu ya alichopata. Magando ya upimaji yamekwisha, kwa hiyo nusu hiyo ndiyo iliyobaki baina yake na njaa. Akakilaza vilevile. Akasema, "Mkono ni wangu."

Wakamwambia Tambwe, "Chagua wewe. Wewe ndiye uliyedhulumika."

Tambwe akavitazama vingoe vile vitatu. Kimoja cha kaka yake aliyemlilia siku anamvunjia. Kimoja cha Mwanamize, ambaye hakuwahi kumkosea kwa neno. Kimoja cha mama aliyempokea duniani. Akatikisa kichwa. "Mimi sichagui," akasema. "Nilihukumiwa na kijiji, na kijiji kihukumu tena."

Maji yalikuwa yamekwisha kujaa. Watu walisogea nyuma, wakasogea tena, na hakuna aliyeondoka. Ng'ambo ya hori moshi wa tanuu ulikuwa unaonekana, na wote walijua nani yuko chini yake.

Hadithi yangu inakomea hapo. Niliyemsikia akiisimulia naye alikomea hapo hapo, nikamkasirikia siku nzima. Sasa ni zamu yenu. Usiniambie watoke wote watatu, maana nafasi inayotakiwa ni moja. Usiniambie wasameheane, maana msamaha hautamtoa Nunu kwenye moshi. Na usiniambie Tambwe arudi ng'ambo akavumilie, mpaka uwe tayari kwenda kumwambia mkewe wewe mwenyewe.

Mwenye mkono alijua akaogopa njaa. Mwenye macho aliona akaogopa aibu. Mwenye hesabu alitambua akapenda vigelegele. Je, ni nani aliyestahili kutoka kokoni?